Kufyatua na Kufyatuka: Muundo wa Kimakanika wa Kikatizi cha Umeme na Nafasi ya Kitenzi katika Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Ukutani mwa nyumba nyingi zenye umeme kuna kisanduku kidogo, na ndani yake safu ya vifaa vya plastiki, kila kimoja na kishikio chake. Mafundi wa mijini hukiita kifaa hicho breka. Wenye nyumba wengi hukiita swichi, na wako wanaokiita fyuzi kwa kuwa kimechukua mahali pa fyuzi ya zamani. Katika mhadhara huu kitaitwa kikatizi, jina linalotokana na kitenzi katiza.

Kikatizi hupewa kazi mbili zinazopingana. Kwa miaka mingi hutakiwa kutulia na kupitisha mkondo wa umeme bila kupata joto jingi. Kisha siku moja, bila taarifa, hutakiwa kuukata mkondo huo kwa muda mfupi kuliko wa kufumba na kufumbua jicho. Kifaa ambacho pengine hakijasogea kwa miaka kumi hutakiwa kisogee mara moja, kwa kasi na bila kukosea. Kwa hiyo, ijapokuwa kinahesabiwa miongoni mwa vifaa vya umeme, sehemu kubwa ya matatizo yake ni ya kimakanika: springi, makomeo, nyenzo, ekseli na msuguano.

Takwimu zinaunga mkono kauli hiyo. Baraza la kimataifa la mifumo mikubwa ya umeme, lijulikanalo kwa kifupi kama CIGRE, lilichunguza vikatizi vya msongo mkubwa vilivyokuwa kazini katika nchi mbalimbali. Uchunguzi wa kwanza, uliofanywa kati ya 1974 na 1977, ulionyesha kwamba takribani asilimia 70 ya hitilafu kubwa zilikuwa na asili ya kimakanika. Uchunguzi wa pili, wa kati ya 1988 na 1991, ulihusu vikatizi vinavyotumia gesi, na ulionyesha kwamba mtambo wa kukiendesha kikatizi ndio uliohusika na takribani asilimia 43 ya hitilafu kubwa. Mara nyingi, basi, umeme usipokatika inavyopasa, chanzo hupatikana katika kipande cha chuma kilichokwama.

Mhadhara huu una sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza inaeleza jinsi muundo wa kimakanika wa kikatizi ulivyoboreshwa. Ya pili inatazama lugha inayohitajika kuyaeleza mambo hayo. Hoja kuu ni kwamba kikatizi hakieleweki kwa jina lake bali kwa vitendo vyake. Na kwamba Kiswahili, ambacho hulaumiwa mara kwa mara kwa uhaba wa nomino za kiufundi, kina vitenzi vinavyotosha kuvieleza vitendo hivyo. Kwa hiyo istilahi za ufundi zinapaswa kuanzia kwenye kitenzi, nomino zikafuata. Hoja hii ina uzito nje ya kuta za chuo pia. Mtu asiyejua kwa nini kikatizi kimekata hukilazimisha kirudi, au hukiondoa kabisa, na matokeo yake huweza kuwa moto.

2.0 Kutoka Fyuzi hadi Kikatizi

Kinga ya kwanza ya saketi ilikuwa fyuzi: uzi mwembamba wa metali unaoyeyuka mkondo unapozidi kiasi. Fyuzi ni kifaa chepesi na cha kuaminika, lakini hufanya kazi mara moja tu. Ikishayeyuka haina budi kubadilishwa, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Mtu aliyekaa gizani, asiye na uzi wa kipimo kile kile, huchukua waya wowote ulio karibu naye. Waya ukiwa mnene, taa huwaka tena. Ila kinga haipo. Siku mkondo utakapozidi, kitakachoyeyuka ni nyaya zilizo ndani ya dari.

Kikatizi kilibuniwa ili kinga iweze kurudishwa bila kubadilisha chochote. Mwaka 1924, nchini Ujerumani, Hugo Stotz na Heinrich Schachtner walipata hataza ya kikatizi kidogo kinachofanana kwa misingi na hivi vya majumbani leo. Ubora wake ulikuwa katika kuunganisha hisi mbili ndani ya kifaa kimoja. Hisi ya kwanza ni ya joto. Utepe uliotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamana hupindika unapopata joto, kwa sababu metali moja hutanuka kuliko mwenzake. Hisi ya pili ni ya sumaku. Koili hugeuka sumaku yenye nguvu pale mkondo mkubwa unapopita kwa ghafula, ikakivuta kipande cha chuma.

Hisi hizi mbili hujibu hatari mbili tofauti. Chukua kikatizi cha ampea 20. Kwa kiwango cha kimataifa cha vikatizi vya majumbani, mkondo ukiwa ampea 22.6 hakitakiwi kukata ndani ya saa nzima, lakini ukifika ampea 29 kinatakiwa kikate kabla ya saa moja kwisha. Hapo mwamuzi ni utepe, ambao huvumilia kidogo na kungoja. Kwa upande mwingine, nyaya mbili zikigusana na mkondo ukaruka hadi mamia au maelfu ya ampea, koili haingoji. Katika aina ya B hufanya kazi papo hapo mkondo unapokuwa kati ya mara 3 na mara 5 ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa, na katika aina ya C kati ya mara 5 na mara 10.

3.0 Mtego Uliotegwa

Utepe na koili havina nguvu ya kuukata mkondo vyenyewe. Nguvu hiyo hutoka mahali pengine. Mtu anapokipandisha kishikio cha kikatizi, mkono wake hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hukutanisha viguso, yaani vipande viwili vya metali ambavyo vikigusana mkondo hupita. Na papo hapo huikaza springi. Springi iliyokazwa hushikwa na komeo dogo isiweze kurudi. Kuanzia hapo nguvu ya kukata imewekwa akiba. Utepe au koili hufanya kazi ya kuliondoa komeo tu, na springi ikajimalizia.

Msikilizaji aliyekulia kijijini ameshautambua mpango huu. Ni mpango wa mtego. Mtegaji huupinda mti mbichi, akauzuia kwa kijiti, akaenda zake. Mnyama hahitaji kuwa na nguvu za kuupinda mti. Anachofanya ni kukigusa kijiti. Nguvu ya mtegaji iliyowekwa asubuhi hutumika usiku, naye akiwa amelala. Ulinganisho huu utarejewa, kwa kuwa lugha ya mtego ndiyo itakayoibeba sehemu ya pili ya mhadhara.

4.0 Maeneo Matano ya Uboreshaji

4.1 Kutenganisha mkono na viguso

Kifaa ambacho kishikio chake kimefungamana moja kwa moja na viguso kina kasoro ya hatari: mtu akikishikilia kishikio juu, viguso haviwezi kuachana hata kama hitilafu bado ipo. Mkono unakuwa adui wa kinga. Dawa yake ilikuwa kuweka kiungo kati ya kishikio na viguso, kiungo kinachovunjika chenyewe komeo linapoachia. Katika muundo huo mtu anaweza kukibana kishikio kwa nguvu zake zote, na bado viguso vikaachana ndani. Leo sharti hilo ni la lazima katika viwango vya kimataifa vya vikatizi vya majumbani.

4.2 Goti

Kiungo hicho mara nyingi huundwa kwa nyenzo mbili fupi zilizounganishwa kwa pini, mfano wa goti. Mguu ulionyooka hubeba mzigo mzito bila taabu, lakini mtu akiguswa nyuma ya goti kwa ghafula huporomoka, hata kama aliyemgusa ni mtoto. Nyenzo za kikatizi zikiwa zimenyooka hubeba shinikizo lote la springi. Zikisukumwa kidogo kupita mstari wao hukunjika mara moja. Faida yake nyingine ni kwamba kasi ya viguso haitegemei tena kasi ya mkono. Mtu akikipandisha kishikio polepole, goti hufika mpaka fulani kisha hunyooka lenyewe kwa kishindo. Viguso havipati nafasi ya kukaribiana kwa kusitasita, hali ambayo ingeviunguza.

4.3 Komeo

Komeo lina kitendawili chake. Linapaswa kushika nguvu kubwa ya springi bila kuteleza mtikisiko unapotokea, na wakati huohuo liachie kwa msukumo mdogo wa utepe au koili. Ikiwa nyuso mbili za chuma zimesuguana kwa miaka, grisi ikakauka na vumbi likaingia, msukumo mdogo hautoshi. Kikatizi kitachelewa au hakitaachia kabisa. Katika vikatizi vikubwa vya vituo vya umeme, grisi iliyokauka ni mojawapo ya sababu zinazojulikana sana za kuchelewa. Wabunifu walijibu kwa njia mbili. Kwanza, waliweka magurudumu madogo ili komeo lijiviringishe badala ya kuteleza. Pili, walipanga makomeo kwa ngazi: komeo dogo hulizuia la kati, na la kati hulizuia kubwa. Kila ngazi hupunguza nguvu inayohitajika kuachia. Hata hivyo, kila ngazi huongeza vipande, na kila kipande kilichoongezwa ni kipande kinachoweza kukwama. Ubunifu mzuri hupima mambo hayo mawili.

4.4 Uzito na akiba ya nguvu

Nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nishati inayohitajika huzidi mara nne. Ndiyo maana kupunguza uzito wa sehemu zinazosogea, na kupunguza umbali zinaosogea, kuna faida kuliko kuongeza ukubwa wa springi. Historia ya vikatizi vya gesi inaonyesha jambo hilo. Katika aina zilizoenea miaka ya 1970, mtambo ulitakiwa kusogeza viguso na pia kuigandamiza gesi ili ipulizwe kwenye mwali wa umeme. Kazi hiyo ilihitaji mitambo mizito ya mafuta au hewa yenye shinikizo. Baadaye vikabuniwa vikatizi vinavyotumia joto la mwali wenyewe kuipandisha gesi shinikizo. Mzigo wa mtambo ulipungua sana, na springi, ambayo haivuji mafuta wala hewa, ikarudishiwa nafasi yake.

Vikatizi vya ombwe vilikwenda mbali zaidi. Katika msongo wa kati viguso vyake huachana kwa milimita chache tu, aghalabu zisizozidi 20. Kwa safari fupi namna hiyo, kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya watengenezaji waliliondoa komeo lenyewe na kuweka sumaku ya kudumu inayovishikilia viguso katika kila mwisho wa safari. Vipande vinavyosogea vilipungua kwa kiasi kikubwa.

4.5 Viguso na mwali

Viguso vinapoachana, mkondo haukubali kukoma. Huruka katikati yao na kuwasha mwali wenye joto la maelfu ya nyuzi. Katika mkondo geu wa hezi 50, mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara mwali hupata nafasi ya kuzimika. Kazi ya makanika ni kuhakikisha kwamba mara hiyo ikifika viguso vimeshakuwa mbali vya kutosha. Katika vikatizi vidogo mwali husukumwa kwenye safu ya vibati vya chuma vinavyoukata vipande vipande na kuupoza.

Uboreshaji mwingine ulitokana na kukigeuza kikwazo kuwa msaada. Mikondo miwili inayokwenda pande zinazopingana husukumana. Ikiwa mikono ya viguso itapangwa sambamba, mkondo ukipita mmoja kwenda na mwingine kurudi, basi hitilafu kubwa inapotokea mikono hiyo hujisukuma na kuanza kuachana kabla hata komeo halijaondoka. Kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa, ndivyo viguso vinavyoachana upesi.

4.6 Kishindo

Kitu kinachokwenda kwa kasi hakina budi kusimamishwa. Viguso vinavyogongana vinaweza kurukaruka, na kila mruko ni mwali mdogo unaoweza kuviunganisha kama vilivyolehemiwa. Ekseli na pini nazo hupata nyufa kwa vishindo vinavyorudiwa. Kwa hiyo vikatizi vikubwa huwekewa vituliza kishindo vya mafuta au mpira mwishoni mwa safari. Kiwango cha kimataifa cha vikatizi vya msongo mkubwa hutambua madaraja mawili ya ustahimilivu wa kimakanika: la kawaida, linalopimwa kwa kukifunga na kukifyatua kifaa mara 2,000, na la juu, linalopimwa kwa mara 10,000.

5.0 Lugha ya Mtego

5.1 Fyata, fyatua, fyatuka

Baada ya maelezo hayo, inafaa kuuliza: ni neno gani la Kiswahili linalotaja kile kinachotokea komeo linapoachia? Mara nyingi husemwa umeme umekatika. Kauli hiyo ni sahihi lakini haitoshi. Kiambishi cha kutendeka katika katika hakimtaji mtendaji. Mwenye nyumba anayesema umeme umekatika huenda anazungumzia nguzo iliyoanguka mtaa wa pili, mgawo wa umeme wa mji mzima, au kikatizi chake mwenyewe kilichomwokoa. Mambo hayo matatu yanahitaji hatua tatu tofauti.

Kitenzi kinachofaa ni fyatuka. Asili yake ni fyata, yaani kubana kitu kati ya vitu viwili kisitoke. Mbwa mwenye hofu hufyata mkia. Mtu anayechunga maneno yake hufyata ulimi. Kikiongezewa kiambishi cha kutendua, kama funga inavyozaa fungua na tega inavyozaa tegua, fyata huzaa fyatua: kukiachilia kwa ghafula kilichokuwa kimebanwa. Ndiyo sababu mwindaji hufyatua risasi na mfinyanzi wa matofali hufyatua tofali katika kalibu. Kikiongezewa tena kiambishi -k-, hupatikana fyatuka, yaani kuachiliwa kwenyewe.

Mzizi huu mmoja unaihifadhi hadithi nzima ya kikatizi. Springi imefyatwa, koili huifyatua, kikatizi kimefyatuka. Hali, kisababishi na tukio vimetajwa bila kuazima neno hata moja, na uhusiano wao unaonekana katika umbo la maneno yenyewe. Mwanafunzi anayeyasikia maneno hayo matatu kwa mfululizo amekwisha kupewa nusu ya somo.

5.2 Mtambo

Neno la pili ni mtambo. Leo mtu akisikia neno hilo hufikiria kiwanda, au kituo cha kuzalishia umeme. Kamusi za karne ya 19 zina habari nyingine. Humo mtambo hufasiriwa kuwa springi, au mtego wenye springi, na kwa kupanuka kwa maana, mashine. Wazungumzaji wa zamani walikitambua kiini cha mashine kuwa ni nguvu iliyowekwa akiba ikisubiri kuachiliwa. Mtu anaposema mtambo wa kikatizi, basi, hakopi neno kutoka kiwandani. Analirudisha neno katika maana yake ya awali. Hali kadhalika, kamani, jina la springi ya saa, ni neno ambalo linaweza kutumika pamoja na springi bila kuleta utata.

5.3 Mtego wa panya

Methali isemayo mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo inaweza kueleza tatizo la upangaji wa vikatizi kuliko fasili ndefu. Katika jengo lenye kikatizi kikuu na vikatizi vya kila chumba, pasi ikiharibika katika chumba kimoja kinachopasa kufyatuka ni kikatizi cha chumba hicho peke yake. Kikifyatuka kile kikuu, jengo zima huingia gizani kwa kosa la pasi moja. Katika hospitali, giza hilo huwafikia wasiokuwamo. Sifa ya vikatizi ya kupeana zamu, kile cha karibu na hitilafu kikitangulia, inaweza kuitwa ubaguzi wa hitilafu au mpangilio wa zamu. La pili linaelekea kueleweka upesi zaidi, na halina doa la maana mbaya.

6.0 Maneno Yanayohatarisha

Si kila neno lililozoeleka linafaa. Yako matatu yanayostahili kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni swichi. Swichi ni chombo cha kumtii mtu. Akitaka huwasha, akitaka huzima. Kikatizi nacho kimewekwa ili wakati mwingine kisimtii. Yanaweza kufikiriwa mazungumzo ya namna hii. Mwenye nyumba anasema: “Fundi, swichi hii mbovu, inajizima kila mara. Niwekee nyingine isiyojizima.” Fundi anajibu: “Mama, haijaharibika. Inakwambia nyaya zako zimeelemewa.” Ombi la mama halina ujinga ndani yake. Linafuata mantiki ya jina alilopewa, kwani swichi inayojizima ni mbovu kweli. Fundi asiyejua kulijibu ombi hilo atatafuta kikatizi cha ampea nyingi zaidi, akakiweka kwenye nyaya zilezile nyembamba. Hapo kosa la fyuzi ya waya mnene litakuwa limerudi kwa sura mpya.

La pili ni fungua na mwenzake funga. Wahandisi husema saketi imefungwa wakati mkondo unapita, na imefunguliwa wakati mkondo umesimama. Mazungumzo ya kila siku huenda kinyume. Anayefungua bomba anataka maji yatoke. Anayefungua redio anataka isikike. Na akifunga anataka vikome. Tafsiri ya neno kwa neno ya maagizo ya kituo cha umeme inaweza kumfanya kibarua aelewe kinyume cha alichoambiwa, na kosa la namna hiyo huenda lisipate nafasi ya kurekebishwa. Ni salama zaidi kutaja kitendo chenyewe: kukutanisha viguso na kuachanisha viguso, au kuwasha na kukata.

La tatu ni shoti. Kwa neno hilo hilo hutajwa nyaya mbili kugusana na mtu kupigwa na umeme. Utata huu una madhara, kwa sababu kikatizi cha kawaida hulinda dhidi ya la kwanza na hakilindi vya kutosha dhidi ya la pili. Mkondo wa kiasi cha sehemu ya kumi ya ampea, ambao hauwezi kamwe kukifyatua kikatizi cha ampea 20, unaweza kumuua mtu. Anayeambiwa kwamba breka yake inazuia shoti ana haki ya kudhani kwamba amekingwa na yote mawili, ilhali kinga ya mwili wa mtu huhitaji kifaa kingine kinachohisi uvujaji wa mkondo. Inapendekezwa shoti ibakie kwa ajili ya mgusano wa nyaya, na kwa binadamu isemwe kupigwa na umeme, kama ambavyo tayari husemwa na wengi.

Kuenea kwa umeme wa jua Afrika Mashariki kumeongeza haja ya uangalifu huu. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, usiopita kwenye sifuri. Mwali uliowashwa na mkondo huo haupati nafasi ya kuzimika wenyewe, na kikatizi kilichotengenezwa kwa ajili ya mkondo geu pekee kinaweza kufyatuka vizuri kimakanika na bado mwali ukaendelea kuwaka ndani yake. Mnunuzi anayejua tu kwamba umeme ni umeme hatakuwa na sababu ya kusoma alama iliyoandikwa ubavuni mwa kifaa. Istilahi mkondo geu na mkondo mnyoofu zimekwisha kuundwa. Kinachosalia ni kuzitoa vitabuni na kuzifikisha dukani.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili ina historia ndefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo tangu 2009 kazi zake zinaendelezwa na TATAKI, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Msingi upo. Hata hivyo, istilahi kwa kawaida hupangwa kwa orodha, na orodha hupenda nomino. Nchini Tanzania fundi aliyesoma fizikia ya sekondari kwa Kiingereza huja kufanya kazi kwa Kiswahili, pamoja na msaidizi aliyejifunzia mtaani kwa Kiswahili, katika nyumba ya mteja anayezungumza Kiswahili. Orodha ya nomino haimsaidii sana katika dakika anayotakiwa kueleza kwa nini kikatizi kimefyatuka.

Kwa mintarafu hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kabla ya istilahi kupitishwa, iwekwe katika sentensi kamili inayoeleza kitendo cha kifaa. Neno lisiloweza kukaa katika sentensi hiyo bila kuipotosha lirudishwe. Pili, maneno ya mkopo yaliyokwisha kuzoeleka na yasiyopotosha, kama fyuzi, koili, saketi, springi na hata breka, yaachwe yaendelee. Kikatizi kinafaa kitabuni, na breka inafaa kazini. Jambo la msingi ni kwamba vyote viwili hufyatuka. Tatu, sentensi ya istilahi ijaribiwe kwa fundi na kwa mteja wake, wala isiishie kwa wanakamati.

Uboreshaji wa kikatizi kwa muda wa miaka mia moja umefuata njia moja inayoonekana: kupunguza vipande, kupunguza msuguano, kupunguza uzito, na kuuondoa mkono wa mtu mahali usipotakiwa. Yote hayo yamefanywa ili nguvu iliyowekwa akiba leo ipatikane siku itakapohitajika. Lakini hakuna komeo wala springi inayoweza kumzuia mwenye nyumba aliyeamua kukiondoa kifaa kwa kudhani kwamba ni kibovu. Kinga hiyo ya mwisho hutegemea maelezo, na maelezo hutegemea lugha ambayo mwenye nyumba anaielewa.